Fundi Asiyeshushwa

Bati likipigwa na jua hulia. Kila mwenye nyumba anajua hilo, na Beatha alilijua kuliko wengi, maana miaka kumi na tisa aliyofanya kazi za ndani huko Tanga alilala kwenye vibanda vya uani, bati tupu juu ya kichwa. Jua likipanda, bati linatanuka na kusema ta. Jioni likipoa linajikunja na kusema ta tena. Hakuna anayeshtuka. Kwa hiyo siku ya nne tangu nyumba yake iezekwe, aliposikia ta juu ya chumba cha kulala, aliendelea kumenya viazi vyake.

Kilichomfanya aweke kisu chini ni kwamba ule mlio ulikuwa unatembea. Ulianza juu ya chumba, ukaja juu ya ukumbi, na katikati ya ta moja na nyingine kulikuwa na kitu kinaburutwa. Ta, shwaa. Ta, shwaa. Kisha ukasimama, ikaanza nyundo. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Beatha akatoka nje, akakinga macho kwa kiganja, akatazama juu. Bati jipya lilimeremeta mpaka linachoma macho. Hapakuwa na mtu pale, hata kunguru hakuwepo. Ilikuwa saa saba mchana.

"Ni paka," akajiambia, akarudi jikoni.

Paka gani anashika nyundo? Lakini ndivyo tulivyo, jamani. Mtu akishajenga kwa jasho lake hataki kusikia kwamba nyumba ina neno. Nyumba ile ilikuwa ndicho kitu pekee Beatha alichokuwa nacho duniani. Alifua nguo za watu, akalea watoto wa watu, akatukanwa na watoto hao walipokua, mpaka akarudi milimani na uwezo wa kujenga vyumba viwili na ukumbi, kwenye mteremko unaotazamana na kijiji cha Gare. Angekuwa na zaidi. Baba yao aliacha shamba la bondeni, udongo mweusi, maji hayakauki, kabichi zinatoka kubwa mpaka hazikumbatiki. Kaka yake Hezekia alilichukua lote. Aliwaambia wazee wa ukoo kwamba Beatha ameshakuwa mtu wa Tanga, harudi, na mtoto wa kike shamba la nini. Beatha alipokuja kusalimia akakuta mipaka imeng'olewa. Tangu siku hiyo, miaka kumi na moja, hakumwita tena kaka. Wakikutana kanisani alisema "Shikamoo" kwa sababu adabu ni lazima, akanyamaza hapohapo.

Sasa huyu Hezekia alikuwa fundi wa paa, tena fundi kwelikweli. Mguu wake wa kushoto uliharibika zamani alipoanguka kwenye mkaratusi, akawa anauburuta, lakini juu ya mbao za kenchi alikuwa hana mpinzani. Kuta za Beatha zilipofika juu, alikuja mwenyewe na mfuko wa nyundo begani.

"Nimekuja kukuezekea, Beti," akasema. "Sitaki kitu."

Beatha akangoja aseme jambo la shamba. Hezekia hakulisema. Akapanda, akafanya kazi siku tatu, na kazi ilikuwa safi, mbao za papi zimenyooka, misumari imekaa kwenye mgongo wa bati inavyotakiwa. Kila msumari ulivyozama, Beatha alizidi kuwaka moyoni. Mtu anakula shamba zima halafu anakuja kulipa kwa nyundo, na watu wanamsifu!

Mafundi wa paa wa upande ule wana desturi yao, na msiyoijua niwaambie. Fundi akipiga msumari wa mwisho wa kofia, lile bati la kileleni, hashuki. Anakaa pale juu ya kofia, mguu huku na mguu huku, anangoja. Mwenye nyumba anatoka na kikombe, wengine wanaweka boha, pombe ya kienyeji, Walutheri kama akina Beatha wanaweka chai, anamwita fundi kwa jina, anamwambia: shuka, nyumba nimeipokea. Hapo ndipo anashuka. Wazee wanasema mpaka neno hilo litamkwe, nusu ya fundi bado imepigiliwa huko juu pamoja na bati. Vijana wanaona ni mchezo wa kupata kikombe tu, lakini hakuna mwenye nyumba anayethubutu kuuacha.

Beatha aliuacha. Kikombe kilikuwa tayari, jirani yake Mama Secilia ndiye aliyekimimina.

"Beatha, fundi anangoja," akamnong'oneza.

"Namwona."

"Mshushe basi, mwanangu, jua linamuua."

"Akae hukohuko," Beatha akasema, tena kwa sauti, majirani wote wasikie. "Si amezoea kukalia vya watu?"

Hezekia alisikia. Alikaa pale zaidi ya saa nzima, wakati wa kiangazi, bati linafuka joto chini yake, watu wanaondoka mmoja mmoja kwa aibu. Mwishoni akashuka mwenyewe bila kuitwa, uso umemwiva, midomo imepasuka. Akakusanya vyombo vyake.

"Umenifanyia hivi mbele ya watu, Beti."

"Shikamoo," Beatha akamjibu.

Hayo ndiyo yaliyotangulia. Siku tatu zikapita, na ya nne ndiyo ile ya viazi.

Mlio ukaja kila siku, saa ileile, jua likifika utosini. Ta, shwaa. Halafu nyundo. Beatha akaimba nyimbo za kanisani kwa nguvu, akafungua redio, akaenda kukaa kwa Mama Secilia mpaka saa tisa. Akirudi anakuta harufu ukumbini, harufu ya kwapa la mtu aliyeshinda juani, na ya nywele zinazoungua. Siku ya tisa, wifi yake Devotha, mke wa Hezekia, akaja mbio bila hata kujifunga kitambaa kichwani.

"Wifi, njoo umwone ndugu yako."

Hezekia alikuwa kitandani, chumba kimefungwa madirisha, giza. Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama juu, hayapepesi. Tangu asubuhi ya baada ya kuezeka hakusema neno wala hakutafuna. Beatha akaweka mkono kwenye paji la uso wake, na ngozi ikamfuata kwenye vidole. Uso ulikuwa umebabuka. Masikio, pua, mgongo wa mikono, vyote vimeungua na jua, vinachunika, na mtu mwenyewe yuko ndani ya giza siku ya tisa.

"Kila mchana anaungua upya," Devotha akanong'ona. Alishika kibakuli cha mafuta ya ng'ombe. "Nampaka, kesho nakuta imebabuka tena. Wifi, hukumshusha."

Kesho yake Beatha alipanda gari la asubuhi akateremka Mombo. Pale barabarani, nyuma ya mabanda ya vitunguu, kulikuwa na mwanamke aitwaye Bi Kuluthumu, muuza vitunguu kama wenzake, ila watu wenye mambo yao walimjia kwa jambo jingine. Alimsikiliza Beatha huku anajaza ndoo yake, hakumtazama mpaka amalize.

"Unasikia miguu ya namna ngapi huko juu?"

"Ya mtu mmoja. Anaburuta mguu."

"Sikiliza tena ukifika. Paa lenye mtu asiyeshushwa halikai na mtu mmoja. Majini wanatafuta mahali kama hapo. Wanakaa naye, wanamzoea, wanajifunza jina lake na mkewe na watoto wake." Akapangusa mikono. "Dawa yake ni nyepesi, mama, hata sikutozi. Saa saba mchana, weka ngazi, weka kikombe, muite. Muite kwa jina lake na kwa udugu wake, ajue ni yeye anayeitwa. Na ni mara moja tu. Ukikosea hapana kurudia."

"Nikisema fundi tu?"

"Nimekwambia jina na udugu," Bi Kuluthumu akasema, akageukia mteja wa vitunguu.

Haya. Kesho yake, saa saba kasoro, Beatha akaegesha ngazi, akasimama mlangoni na kikombe cha chai. Jua lilikuwa limesimama wima, kivuli chake mwenyewe kimemwingia miguuni, majirani wamejifungia, kuku wamekusanyika chini ya kichaka cha matete na hakuna aliyekuwa akiparua. Ikaanza: ta, shwaa, ta, shwaa, kutoka chumbani kuja ukumbini, na safari hii, kwa kuwa alisikiliza kama alivyoambiwa, akasikia na mwingine, mwepesi, asiye na uzito wa mtu, anakimbia kimbia huku na huku juu ya bati, anazunguka yule anayeburuta, anasimama anaposimama, anakwenda anapokwenda, mpaka wote wawili wakafika juu ya mlango, juu ya kichwa chake hasa, wakatulia wakimngoja aseme, na harufu ile ya nywele zinazoungua ikashuka ikamjaa puani na mdomoni hata akahisi anaitafuna.

Akafungua kinywa. Neno ni dogo, mtoto wa miaka miwili analisema. Lakini Beatha alipotaka kulitoa akaona shamba la bondeni, kabichi za watu wengine zimepangwa mistari, na Hezekia amesimama katikati na jembe akicheka na wazee. Miaka kumi na moja! Akajiambia atamwita tu, ashuke aende zake, udugu si lazima.

"Fundi!" akaita. "Shuka. Nyumba nimeipokea."

Ile miguu myepesi ikaruka. Ngazi ikatikisika kipandio kwa kipandio, kitu kikampita Beatha ubavuni kwa joto la tanuri, na alipotazama kikombe, chai ilikuwa imekauka, majani yameganda chini. Halafu juu, polepole, ta, shwaa, mwenye mguu mbovu akasogea hadi ukingoni. Akasimama, kama mtu aliyepitwa kwenye foleni.

Kabla Beatha hajapata pumzi, vigelegele vikasikika kutoka ng'ambo ya mteremko. Hezekia ameamka.

Beatha alipofika alimkuta amekaa kitako anakula ugali, uso mlaini, hakuna alama hata moja ya kuungua. Akainua macho, akatabasamu.

"Karibu, mdogo wangu. Kaa ule."

Hezekia hakuwahi kumwita mtu mdogo wangu tangu azaliwe. Akainuka kumpisha kiti, akatembea hatua tano kwenda mlangoni, mguu wa kushoto umenyooka sawa na wa kulia. Watu waliokuwepo wakamshukuru Mungu. Beatha akatoka, akapiga simu Mombo.

"Ulimwita nani?" Bi Kuluthumu akauliza.

"Nilisema fundi."

"Umempa jini nafasi. Ameingia kwenye mwili."

"Na kaka?" Ndiyo, hapo kwenye simu, pasipo na faida tena, alisema kaka.

"Yuko kwako, juu. Litunze bati hilo, mama. Majini wengine huchoka, wanaacha mwili wakaenda zao, na mwenyewe akiwa bado karibu anarudi. Lakini bati likiezuliwa hana pa kukanyaga. Ataisha."

Basi Beatha akawa mlinzi wa bati. Kila mwezi alipanda ngazi, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, akafagia majani ya misonobari yasioze kwenye migongo ya bati, akaziba matundu kwa lami, akakaza misumari. Maana nyundo ile ya mchana haikuwa inapigilia, ilikuwa inang'oa. Hezekia alikuwa anatafuta njia ya kushuka. Kila alipogonga, msumari ulilegea, kutu ikaingia, mvua ya masika ikateremka hadi kitandani. Beatha akazungusha masufuria ya kukingia, akahama na godoro kona hadi kona. Watu wakamsema: nyumba mpya, mwaka haujaisha, imekuwa chekeche, na kaka mtu ni fundi!

Wakati mwingine akiwa huko juu na kopo la lami alikuwa anamsemesha.

"Unaungua?" alimuuliza siku moja, kwa hasira inayotaka kuwa kilio. "Na mimi niliungua. Nani alikuja kunikinga?"

Mguu ukaburutwa, ukamkaribia, ukasimama shibiri moja na mkono wake. Beatha akalia pale juu mpaka lami ikaganda ndani ya kopo.

Mwaka wa pili, mwanzoni mwa kiangazi, gari dogo la mizigo likasimama barabarani. Mabati mapya, mazito, yenye rangi ya udongo. Hezekia wa sasa akateremka, nyuma yake Devotha na masufuria ya chakula, na nyuma yao mtaa mzima, maana habari ilishasambaa kwamba Hezekia kabadilika, hanywi, hagombani, anasaidia wajane. Mkononi alikuwa na karatasi yenye muhuri wa kijiji.

"Shamba la baba, mdogo wangu. Nimelirudisha. Wazee wameweka sahihi," akasema, akaiweka mikononi mwa Beatha mbele ya watu wote. "Na hili bati bovu nataka kuliezua leo, nikuwekee la maana. Huwezi kulala kwenye maji."

Watu wakapiga makofi. Yule Hezekia wa sasa akasimama akalitazama jua usoni, macho wazi, hapepesi. Ilikuwa saa tano.

Beatha akamvuta Devotha nyuma ya nyumba.

"Wifi," akanong'ona, "yule si Hezekia."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Mtu nimelala naye miaka ishirini na miwili nisimjue?" Devotha akapandisha mkono wa gauni. Mfupa wa mkono ulikuwa umeunga vibaya, umejikunja chini ya kiwiko. "Huu Hezekia wako aliuvunja kwa ubao wa papi. Na hapa," akafunua nywele juu ya sikio, "ni nyundo, upande wa kung'olea misumari. Nilikuambieni nimeteleza kisimani, mkakubali wote. Huyu wa sasa akirudi jioni ananiuliza kama nimekula."

"Ni jini, Devotha!"

"Ndiyo. Na hanipigi."

Juu yao bati likaanza kutanuka kwa joto.

"Kama ulimjua hivyo, ulikuja kunililia nimshushe kwa nini?"

"Nilikuwa namwogopa. Nilifikiri akiamka mwenyewe atajua sikukuita, ataniua." Devotha akashusha mkono wa gauni taratibu. "Kuezua ni shauri langu, wifi. Shamba nalo ni mimi niliyemwambia alirudishe, ili ukubali. Nataka yule wa juu aishe."

"Ni ndugu yangu."

"Wewe ulimwacha juani kwa hasira ya shamba. Mimi unataka nimhurumie kwa lipi?"

Walirudi mbele. Watu walikuwa wamekaa kivulini wanangoja. Yule mwanamume alishaegesha ngazi, mkono mmoja umeshika mtarimbo, lakini hakupanda, kwa sababu bati haliezuliwi mpaka mwenye nyumba aseme.

"Niezue, mdogo wangu?"

Beatha akatazama juu. Saa saba ilikuwa bado, na siku zote mguu uliingoja, lakini sasa ukaanza, ta, shwaa, ta, shwaa, haraka kuliko alivyowahi kuusikia, kutoka chumbani hadi ukumbini na kurudi, na nyundo ikafuata mara tatu, mara tatu, bila kupumzika, na Mama Secilia akasema jamani bati hili linavyolia leo, jua kali kweli, na wenzake wakaitikia kwamba ndiyo, jua. Beatha akatazama mkono wa Devotha. Akatazama karatasi aliyokuwa ameikunja bila kujijua. Angeweza kusema hapana. Hakuna ambaye angemlazimisha, nyumba ilikuwa yake, na kule juu kulikuwa na mtoto wa mama yake aliyekuwa anamsikiliza.

"Ezua," akasema.

Yule akapanda. Alitembea juu ya bati chakavu na bati halikutoa mlio wowote chini ya miguu yake. Aliyashika mabati ya moto kwa viganja vitupu, akang'oa msumari, akateremsha bati, akang'oa mwingine. Paa likafunguka upande wa chumba, jua likaingia mpaka kitandani. Kwa kila bati lililoshuka, mguu ulibaki na nafasi ndogo zaidi ya kuburutwa. Ukarudi nyuma, ukarudi nyuma, mpaka likabaki bati moja juu ya mlango. Hapo Beatha akasikia sauti, ya mtu ambaye koo limekauka, ikimwita Beti mara moja. Bati likang'oka, likaanguka uani kwa kishindo, kuku wakatawanyika.

Hakuna kilichosikika tena.

Kufika alasiri bati jipya lilikuwa limekaa lote, limenyooka, la rangi ya udongo. Fundi akapiga msumari wa mwisho wa kofia, akakaa pale juu, mguu huku na mguu huku, akangoja. Devotha ndiye aliyemimina chai. Beatha akapokea kikombe, akasimama mlangoni mbele ya watu wote, na neno lilipotoka halikumkwama popote.

"Kaka Hezekia," akaita, "shuka. Nyumba nimeipokea."

"Asante, mdogo wangu," akaitika yule wa juu, akashuka, akakinywa kile kikombe huku chai bado inafuka, kisha akaomba maji ya kunawa wakale.